Ufundi wa Mkono katika Njia za Unguja: Mambo Yaonwayo na Mpanda Baiskeli

Kitu kilichotengenezwa kwa mkono huweza kuonekana mara mbili: kinapotengenezwa na kinapouzwa. Watu wengi wa siku hizi hukiona mara ya pili tu. Mkeka huuona umekunjwa dukani, kamba huiona imezungushwa tayari kwa kupimwa, na chombo hukiona kimekwisha tweka tanga baharini. Hawajui ni siku ngapi zilizopita, wala ni mikono ya nani iliyochoka, kabla ya vitu hivyo kufika vilipo. Kwa hiyo huvithamini kwa jinsi vionekanavyo, wala hawafikiri jinsi vilivyofanywa.

Makala haya yaeleza habari za ufundi wa aina tatu katika kisiwa cha Unguja, yaani kupota kamba za usumba, kusuka ukili, na kuunda vyombo vya bahari, kama uonekanavyo kwa mtu apitaye vijijini kwa baiskeli. Makusudi yake ni kuonyesha kwamba mafundi hao, pamoja na kazi ya mikono yao, wanayo pia lugha ya kazi hiyo. Na kwamba kazi ikiachwa, maneno yake hubaki katika kamusi kama simbi tupu iliyotupwa pwani.

Baiskeli na njia

Unguja si kisiwa kikubwa. Urefu wake toka kaskazini hata kusini ni kama kilomita 85, na upana wake, mahali palipo papana kabisa, ni kama kilomita 39. Upande wa magharibi una udongo mzito, nao ndio wenye minazi mingi na mikarafuu. Upande wa mashariki na kusini aghalabu ni maweni, nchi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mchache juu yake. Milima mirefu haipo. Mtu mwenye nguvu za wastani aweza kutoka mjini alfajiri, akapita Tunguu na msitu wa Jozani, akafika Paje katika pwani ya mashariki, mwendo wa kilomita 50 hivi, kabla jua halijawa kali sana. Siku nyingine aweza kushika njia ya kaskazini, akapita Mahonda na Kinyasini hata Nungwi, mwendo wa karibu kilomita 60.

Gari hupita upesi mno kwa mtu atakaye kuona kazi ya mikono. Mwanamke asukaye barazani huonekana mara moja tu, kisha nyumba humficha. Apitaye kwa miguu huona yote, lakini hafiki mbali. Baiskeli iko kati ya hayo mawili. Mwendo wake humwezesha mpandaji kusikia mlio wa nyundo kabla hajamwona mpigaji, na kunusa harufu ya makumbi kabla hajaiona pwani. Naye husimama popote apendapo. Tena baiskeli haimtengi mtu na wenyeji. Katika vijiji vya Unguja ni chombo cha kila mtu: hubeba samaki toka pwani, na kuni, na majani ya mbuzi, na mikeka iliyokunjwa ikafungwa juu ya kerieri. Mgeni ajaye juu ya chombo kama hicho hastaajabiwi sana.

Hata hivyo kutazama kuna adabu zake. Mgeni hushuka katika baiskeli kabla ya kusalimu, kwani kumsalimu mtu mzima huku umekaa juu ya kiti si heshima. Hupiga hodi hata kama anayemwendea yuko nje, kwa kuwa baraza nayo ni sehemu ya nyumba. Kwa mwanamke mzee husema, "Shikamoo, bibi," na akiisha kuitikiwa "Marahaba" huuliza habari za nyumbani na za kazi. Baada ya hayo ndipo aombapo ruhusa ya kutazama. Picha haipigwi pasipo idhini. Wala swali la kwanza lisiwe la bei, kwani aulizaye bei kwanza huonekana kuwa mnunuzi, na mbele ya mnunuzi fundi huacha kazi akaanza biashara. Akaaye kimya kwa robo saa hufundishwa mengi kuliko aulizaye maswali kumi mfululizo.

Kamba za usumba

Katika pwani ya mashariki, maji yanapokupwa wakati wa bamvua, bahari huondoka mbali sana na kuacha uwanja mpana wa mchanga na matope. Mpanda baiskeli apitaye karibu na pwani saa hizo katika sehemu za Bwejuu, Paje na Jambiani huweza kuona marundo ya mawe, au miti iliyochomekwa, mahali pasipokuwa na nyumba wala shamba. Hizo ni alama za makumbi yaliyofukiwa. Kila mahali pana mwenyewe, na kila mtu hupajua pake.

Makumbi ni maganda ya nje ya nazi, yale yabakiayo baada ya nazi kufuliwa. Ndani yake mna nyuzi nyingi, na katikati ya nyuzi hizo mna unga laini unaozishika pamoja kama gundi. Mtu akijaribu kuzitoa katika kumbi kavu, nyuzi hukatika, au hutoka pamoja na unga wake zikawa hazifai. Kwa hiyo makumbi hufukiwa katika mchanga ufunikwao na maji kila siku, hukandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na mkondo, na huachwa huko miezi mingi. Katika muda huo vijidudu visivyoonekana kwa macho huula ule unga na kuulegeza. Nyuzi zenyewe haziozi upesi, kwa sababu zina kitu kile kile kiupacho ubao ugumu wake. Basi bahari hufanya sehemu kubwa ya kazi, na kazi ya mwanamke katika miezi hiyo ni kujua wakati. Akifukua mapema mno, unga haujalegea. Akichelewa mno, nyuzi hudhoofika.

Siku ya kufukua, harufu kali kama ya yai viza husikika toka mbali, na mgeni asiyejua hudhani kwamba pana kitu kilichokufa. Makumbi hupigwa kwa fimbo nzito juu ya jiwe au gogo hata unga utoke, hukoshwa katika maji ya bahari, hupigwa tena, kisha huanikwa juani. Kinachobaki ndicho kiitwacho usumba, nyuzi safi za rangi ya kahawia. Harufu huisha kwa jua na upepo. Kazi hii ya kupiga ni nzito, na huumiza mgongo na mabega. Mara nyingi wanawake huifanya wakiwa kundi, kila mmoja na makumbi yake, ili mazungumzo yapunguze uchovu.

Kupota kamba huonekana jambo jepesi kwa mtu asiyejaribu. Mpotaji hukaa chini, akachukua mafungu mawili madogo ya usumba na kuyaviringisha kati ya viganja vyake. Kila fungu hujisokota kwa upande mmoja. Yanapokutana, hujipota moja juu ya jingine kwa upande wa pili. Kila fungu likitaka kufumuka huzidi kumkaza mwenziwe, na kwa sababu ya kupingana huko kamba hukaa daima bila ya gundi wala fundo. Usumba mpya huongezwa kidogo kidogo kabla wa zamani haujaisha, ili pasiwe na mahali pembamba. Methali isemayo kwamba kamba hukatikia pabovu hutajwa na watu wengi katika mambo ya siasa na ya udugu. Lakini mpotaji huijua katika vidole vyake, kwani ndivyo vinavyopatambua pabovu kabla jicho halijapaona.

Kamba hizo zilikuwa na kazi nyingi. Zilifunga makuti na fito za nyumba, zilitandwa katika vitanda, zilifunga mbuzi na ng'ombe, na zilitumika vyomboni, kwa kuwa usumba huvumilia maji ya chumvi kuliko nyuzi nyingi za mimea mingine. Baadaye kamba za nailoni zikaingia madukani, nazo ni nyepesi na hazihitaji kungojewa miezi. Tena mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianzishwa katika pwani hiyo hiyo ya mashariki, na wanawake wengi waliacha makumbi wakashika mwani. Sababu yake ni wazi. Kazi zote mbili zataka maji ya kupwa, na mtu hawezi kuwa mahali pawili wakati mmoja. Si haki kumlaumu mwanamke aliyeacha kazi nzito ya kungojewa miezi kwa ajili ya kazi yenye malipo ya karibu zaidi. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mwani huo hupandwa kwa kufungwa katika kamba za nailoni, ambazo sharti zinunuliwe. Hivyo pwani iliyokuwa ikipota kamba zake yenyewe imekuwa pwani ya kununua kamba.

Ukili

Kazi ya ukili haina mahali pake maalumu, na kwa hiyo ndiyo imkutayo msafiri mara nyingi zaidi. Mwanamke husuka akiwa barazani, au akingoja chungu kiive, au akizungumza na jirani, hata akitembea njiani, ukili ukining'inia mkononi mwake na kurefuka kadiri aendavyo.

Majani ya kazi hii ni ya namna mbili kubwa. Ukindu ni majani ya mkindu, mti wa jamii ya mtende upendao mahali penye majimaji. Huu ndio utumiwao kwa mikeka mizuri. Miyaa ni majani ya mkoche, nayo hufaa kwa majamvi, vikapu na makanda. Makuti machanga hukatwa, hukaushwa juani hata rangi ya kijani itoke, kisha kila jani huchanwa kwa ukucha au kwa kisu katika vipande vya upana mmoja. Vile vitakavyotiwa rangi huchemshwa chunguni. Zamani rangi zilitoka katika mimea, kama mdaa uliotumiwa kupata rangi nyeusi. Siku hizi rangi nyingi ni za unga zinunuliwazo dukani.

Katika ukili, kila jani huenda mshazari. Hutoka ukingo mmoja, hukata njia za wenzake kwa kupita juu na chini, hufika ukingo wa pili, hukunjwa, na kurudi. Jani likikaribia kwisha jingine huungwa chini yake, na kiungo chake hufichwa. Rangi ikitiwa katika majani fulani tu, basi ua hutokea lenyewe kwa hesabu ya juu na chini. Msukaji hana karatasi wala kielelezo mbele yake. Huhesabu moyoni huku mdomo wake ukizungumza habari za arusi au za bei ya mchele, na akikosea jani moja, kosa hilo huonekana tena na tena mpaka alifumue. Mtazamaji akiona vidole vimesimama ghafula na ukili ukirudishwa nyuma shubiri moja, ajue kwamba hesabu imepotea mahali.

Ukili ukiisha kuwa pima nyingi huzungushwa ukawa mviringo mkubwa kama gurudumu. Baadaye hushonwa ukingo kwa ukingo, safu kwa safu, kwa sindano kubwa iitwayo shazia, hata upana utakiwao utimie; mwisho kingo hupindwa zisifumuke. Kwa kazi hiyo hiyo hupatikana vitu vingi. Mkeka ni wa kukalia na kulalia. Msala ni wa kuswalia. Kitanga ni mkeka mdogo wa mviringo. Jamvi ni pana na zito, hutandikwa palipo na watu wengi. Kawa hufunika chakula, na kifumbu hukamulia tui. Mgeni hutandikiwa mkeka, na mikeka na majamvi ndiyo yakaliwayo arusini na matangani, hata yaweza kusemwa kwamba mambo makubwa ya maisha ya mtu wa Unguja yalipita juu ya ukili.

Hapa yafaa kutaja shida iliyo kubwa katika ufundi huu. Kwa kuwa ukili husukwa katika nafasi za kazi nyingine, muda wake hauhesabiwi. Mnunuzi hufikiri kwamba mwanamke alikuwa amekaa tu, kwa hiyo mkeka ulikuja bure, na bei yake ni bei ya majani. Lakini aliyepita njia hiyo hiyo kwa baiskeli asubuhi na kurudi jioni hujua si hivyo. Asubuhi ukili ulikuwa wa urefu wa mkono; jioni, baada ya kupika, kuchota maji, kutafuta kuni na kulea, umeongezeka pima chache tu. Mkeka mmoja ni siku nyingi za namna hiyo. Na fedha ya ukili, kama ile ya kamba, kwa desturi ni ya mwanamke mwenyewe. Ndiyo imnunuliayo daftari mtoto wake na kanga yake pasipo kumwomba mtu. Mikeka ya plastiki itokayo viwandani ni rahisi na huoshwa kwa urahisi, nayo imeenea majumbani. Kila mmoja ununuliwapo, kuna mahali ambapo ukili mmoja haukushonwa. Na binti aonaye kwamba mama yake hulipwa bei ya majani hana sababu ya kujifunza kuhesabu juu na chini.

Vyombo vya Nungwi

Toka pwani ya mashariki njia hurudi mjini, kisha hushika kaskazini. Kazi za kamba na ukili kwa desturi ni za wanawake. Ile ya Nungwi, katika ncha ya kisiwa, ni ya wanaume. Huko vyombo huundwa pwani, karibu na maji, chini ya kivuli cha miti au cha makuti. Mpanda baiskeli hutambua kwamba amefika kwa kusikia tezo ikichonga mti: mlio mfupi, wa namna moja, usio na haraka.

Kwanza huwekwa mkuku, yaani mti mrefu wa chini ambao chombo chote husimama juu yake. Kwa mbele husimamishwa hanamu, na kwa nyuma fashini. Mbao za ubavuni hushikwa kwa ndani na mataruma, ambayo ni kama mbavu. Mataruma hayakatwi katika mbao zilizonyoka, kwani mti ulionyoka ukilazimishwa kupinda hupasuka. Fundi hutafuta matawi yaliyopinda kwa maumbile yake, na mara nyingi huona taruma lililo tayari katika mti ambao mtu mwingine aona kuni tu. Matundu ya misumari hutobolewa kwa keekee, chombo kizungushwacho kwa uta. Nafasi kati ya mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kazi hiyo huitwa kukalafati. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, ili wadudu wa baharini wasile mbao.

Jambo limstaajabishalo mgeni ni kwamba hakuna ramani. Fundi hupima kwa jicho, kwa kamba, na kwa mkono wake. Hurudi nyuma hatua kadhaa, hufumba jicho moja, hutazama mstari wa ubavu toka hanamu hata fashini, kisha humwambia kijana aondoe ubao kidogo mahali fulani. Kijana huyo hujifunza kwa kukaa karibu miaka mingi. Huanza kwa kushika mbao na kunoa tezo, na siku moja hupewa ubao mmoja auweke peke yake. Maneno ya ufundi huyapata katika amri: leta hiki, shika kile. Siku chombo kiishapo, hushuliwa, yaani hukokotwa hata majini, na kazi hiyo haifanywi na mafundi peke yao. Watu wengi huitwa kukivuta.

Nungwi ya leo ni mahali pa watalii pia, na hoteli nyingi zimejengwa ufukoni. Mbao nzuri ni ghali na hutoka mbali, na boti za plastiki zipo. Hata hivyo mlio wa tezo bado wasikika, kwani mvuvi ahitaji chombo kiwezacho kutengenezwa hapo hapo pwani kinapovunjika, na fundi wa kukitengeneza awe jirani yake.

Kazi tatu katika chombo kimoja

Msafiri aliyeziona kazi hizi tatu katika siku mbalimbali na vijiji mbalimbali huweza kudhani kwamba hazihusiani. Lakini zamani zilikutana katika chombo kimoja, nacho ni mtepe. Mitepe ilijulikana zaidi upande wa Lamu na visiwa vyake. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilishonwa kwa kamba za usumba zilizopitishwa katika matundu, na tanga lake la pembe nne lilikuwa la mkeka. Basi mwenye tezo, mwenye usumba na mwenye ukili kila mmoja alikuwa na sehemu yake ndani ya chombo hicho. Mtepe ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Ushonaji huo ni wa kale sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kiitwacho Periplus, chataja mashua ndogo zilizoshonwa katika pwani hii, na chasema kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake katika mashua hizo, kwani neno hilo kwa Kigiriki lina maana ya kushonwa. Chataja pia kisiwa kiitwacho Menouthias, ambacho wataalamu wengine hudhani kuwa ni Unguja, na wengine Pemba au Mafia, ambako watu walitega vikapu kati ya miamba penye mlango wa maji. Mpanda baiskeli apitaye penye mvuvi asukaye dema, mtego wa samaki uliosukwa kwa matundu ya pembe sita, yuko karibu sana na habari hiyo ya miaka karibu 2,000.

Maneno ya mafundi

Jambo la mwisho lawahusu hasa wanafunzi wa lugha. Maneno ya kazi hizi hayakukaa pwani tu. Kuunda, kwa mafundi, ni kujenga chombo cha bahari. Leo husemwa kuunda kamati, kuunda serikali, hata kuunda maneno. Na katika kitenzi hicho hicho limepatikana neno muundo, ambalo wanasarufi hawawezi kuliepuka. Kusuka kumetoka katika ukili kukafika katika nywele, na hata katika shauri baya la siri. Mataruma ya chombo yalipoonwa kufanana na miti ilazwayo chini ya reli, reli nayo ikapata mataruma yake. Na mpanda baiskeli mwenyewe, tangu atokapo mjini hata arudipo, ameshika usukani: neno la chombo cha bahari lililopanda nchi kavu likakaa juu ya gurudumu.

Kwa hiyo neno la fundi laweza kuishi hata baada ya ufundi wake, likipata kazi nyingine. Lakini hayo ni machache. Yaliyo mengi hayana kazi nyingine ya kwenda. Kamusi kubwa, kama ile ya Krapf ya 1882, ile ya Johnson ya 1939, na ile ya Sacleux iliyotolewa katika miaka 1939 hata 1941, zilihifadhi mengi ya maneno hayo, nayo ni hazina. Walakini kamusi hueleza usumba kuwa ni nyuzi za kumbi. Haielezi vidole vijuavyo pabovu. Hutaja shazia, haitaji mkono uipitishao bila ya kukata jani. Tena mafundi wa Nungwi wako katika nchi ya Kitumbatu, na wapotaji wa kusini na mashariki wako karibu na Kimakunduchi, kiitwacho pia Kikae. Neno lisikiwalo barazani huenda lisiwe lile lililoandikwa, au likawa lile lile kwa maana nyingine.

Maneno yasahauliwayo upesi kuliko yote ni majina ya makosa. Mkusanyaji wa maneno huuliza jina la chombo na jina la kila sehemu yake, akaandika, akaondoka. Ni mara chache kuuliza: jani likikosewa hesabu, kosa hilo laitwaje? Kamba iliyolegea upande mmoja yaitwaje? Ubao usiokaa sawasawa na mwenziwe, fundi humwambiaje kijana? Majina hayo hayatamkwi ila kosa linapotokea, na kosa halitokei ila kazi inapofanywa. Hayapatikani dukani wala ofisini. Hupatikana na mtu aliyekaa barazani muda wa kutosha hata ukili ukafumuliwa mbele yake.

Basi mwanafunzi mwenye baiskeli na daftari anayo njia rahisi ya kufanya kazi ya maana. Aende kwa siku nyingi badala ya siku moja, kwani kumbi lililofukiwa leo halitafukuliwa ila baada ya miezi, na chombo kilichowekwa mkuku hakitashuliwa wiki hii. Aandike mambo matatu kwa kila kazi: jina la kitu, kitendo kifanywacho nacho, na kosa liwezalo kutokea. Aandike pia kijiji alichosikia neno hilo. Na akitaka kununua mkeka, aulipe kwa hesabu ya siku alizoziona kwa macho yake mwenyewe. Atakaporudi mjini, mkeka huo ukiwa umefungwa juu ya kerieri, ataweza kumwambia aulizaye bei yake ni siku ngapi zilizomo ndani yake.